Kanuni na Mlinganyo: Historia ya Utatuzi wa Mafumbo ya Michanganyiko kwa Aljebra

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya utatuzi wa mafumbo ya michanganyiko, yaani mafumbo ya hesabu yanayouliza ni kiasi gani cha vitu viwili au zaidi vyenye thamani au usafi tofauti kichanganywe ili kupata kiwango cha kati kilichokusudiwa. Uchambuzi umejikita katika matini za hisabati za China, India, ulimwengu wa Kiislamu na Ulaya, kuanzia zama za utawala wa Han hadi mwaka 1770. Hoja kuu ni kwamba aljebra haikuleta majibu mapya kwa mafumbo mepesi ya aina hii, kwa kuwa majibu hayo yalikwisha kupatikana kwa kanuni za hesabu. Ilicholeta ni uwezo wa kuikagua kanuni: kujua kwa nini ni sahihi, lini fumbo halina jibu, na lini lina majibu mengi kuliko lile moja linalotolewa na kanuni.

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa leo hukutana na fumbo la mchanganyiko katika mada ya milinganyo. Huambiwa kuwa kuna maji ya chumvi ya aina mbili, au chai ya bei mbili, kisha hutakiwa kuita kiasi kisichojulikana x, kuunda mlinganyo na kuutatua. Namna hii ya ufundishaji humfanya aamini kuwa fumbo hili ni mtoto wa aljebra. Historia haithibitishi hivyo. Mafumbo ya michanganyiko yalitatuliwa kwa usahihi karne nyingi kabla ya herufi x kutumika, na yaliendelea kutatuliwa bila aljebra hata katika vitabu ambavyo waandishi wake waliijua aljebra vizuri.

Hali hiyo inaibua swali ambalo makala haya yanajaribu kulijibu: ikiwa kanuni za hesabu zilitosha kutoa jibu, aljebra iliongeza nini? Swali hili lina uzito kwa mtafiti wa historia ya hisabati, kwa sababu masimulizi mengi huichukulia aljebra kama ngazi ya juu inayofikiwa baada ya kuiacha hesabu ya kawaida. Lina uzito pia kwa mwalimu, kwa sababu anayefundisha mlinganyo bila kujua kazi yake humwachia mwanafunzi kanuni nyingine ya kukariri.

Sehemu ya pili inaeleza umbo la fumbo lenyewe kwa mfano wa sarafu zilizotumika katika pwani ya Afrika Mashariki. Sehemu ya tatu inachambua matini za China na India. Sehemu ya nne inahusu waandishi wa ulimwengu wa Kiislamu, na ya tano inamhusu Leonardo wa Pisa. Sehemu ya sita inachunguza Uingereza na Ufaransa za karne ya 16, na ya saba inachambua fumbo moja la Leonhard Euler. Mjadala na hitimisho vinafuata.

2.0 Umbo la Fumbo na Njia Mbili za Kulitatua

Katika karne ya 19, dola ya fedha ya Maria Theresa na rupia ya India zilipokelewa katika biashara ya Zanzibar na miji ya mwambao. Dola hiyo, ambayo imeendelea kufuliwa ikiwa na tarehe ya 1780, ina uzito wa takriban gramu 28.07, na sehemu 5 kati ya 6 za uzito huo ni fedha safi. Rupia ilikuwa na uzito wa takriban gramu 11.66, na usafi wake ulikuwa sehemu 11 kati ya 12. Tuchukulie kwamba sonara anataka kuyeyusha sarafu za aina hizi mbili ili apate fedha yenye usafi wa sehemu 9 kati ya 10. Achukue kiasi gani cha kila aina?

Kwanza tuweke viwango vyote chini ya asili moja ya 60. Dola ina usafi wa 50, rupia 55, na kiwango kinachotakiwa ni 54. Kanuni ya kale, ambayo katika Kilatini iliitwa regula alligationis, yaani kanuni ya kufunganisha, huelekeza kutafuta tofauti kati ya kiwango kinachotakiwa na kila kimoja cha viwango vilivyopo, kisha kuzibadilishana tofauti hizo. Tofauti ya rupia ni 1, nayo hupewa dola. Tofauti ya dola ni 4, nayo hupewa rupia. Kwa hiyo kila sehemu 1 ya uzito wa dola ichanganywe na sehemu 4 za uzito wa rupia. Gramu 100 za mchanganyiko zitahitaji gramu 20 za dola na gramu 80 za rupia.

Njia ya aljebra huanza mahali pengine. Huanza na jambo ambalo haliwezi kubadilika ndani ya kalibu: fedha safi iliyoingia ndiyo itakayotoka. Uzito wa dola ukiwa x na wa rupia ukiwa y, tunapata 50x + 55y = 54(x + y). Tukikusanya x upande mmoja na y upande wa pili, tunapata y = 4x. Jibu ni lilelile. Hata hivyo, njia ya kwanza imetuambia la kufanya, ilhali ya pili imetuonyesha sababu ya kulifanya. Tofauti hii ndiyo inayofuatiliwa katika sehemu zinazofuata.

3.0 Mafumbo ya Michanganyiko Kabla ya Herufi: China na India

Mojawapo ya matini za kale zilizohifadhi fumbo la aina hii ni Jiuzhang Suanshu, yaani Sura Tisa za Sanaa ya Hisabati, iliyokusanywa wakati wa utawala wa Han na kufafanuliwa na Liu Hui mwaka 263. Sura ya saba inahusu ziada na upungufu. Humo mna fumbo la mchemraba wenye upande wa cun 3, ambao ndani yake una jiwe la thamani la jedi lililochanganyika na jiwe la kawaida. Cun moja ya ujazo ya jedi ina uzito wa liang 7, na ya jiwe la kawaida ina uzito wa liang 6. Mchemraba wote una uzito wa jin 11. Je, jedi ni kiasi gani na jiwe la kawaida ni kiasi gani?

Kwa kuwa jin 1 ilikuwa na liang 16, uzito wote ni liang 176, na ujazo wote ni cun 27 za ujazo. Utatuzi hauna herufi wala mlinganyo. Ukichukulia kuwa mchemraba wote ni jedi, uzito ungekuwa liang 189, yaani ziada ya 13. Ukichukulia kuwa wote ni jiwe la kawaida, uzito ungekuwa liang 162, yaani upungufu wa 14. Ziada huonyesha ujazo wa jiwe la kawaida, ambao ni 13, na upungufu huonyesha ujazo wa jedi, ambao ni 14. Jambo la kuzingatia hapa ni kwamba mtatuzi hakisii ovyo. Anachukua dhana mbili ambazo anajua si za kweli, kisha anaitumia tofauti yake na ukweli kama kipimo.

Nchini India, fumbo hili lilikuwa na makao yake katika hesabu za dhahabu. Bhaskara wa Pili, katika Lilavati aliyoitunga mwaka 1150, aliwapa wafuaji na wapimaji wa dhahabu mafungu ya kanuni. Usafi ulipimwa kwa kiwango kiitwacho varna, ambapo dhahabu safi kabisa ni varna 16. Katika mfano mmoja, vipande vya dhahabu vyenye uzito wa masha 10, 4, 2 na 4, na usafi wa 13, 12, 11 na 10, vinayeyushwa pamoja. Kila uzito huzidishwa kwa usafi wake, mazao hujumlishwa na kuwa 240, kisha hugawanywa kwa uzito wote wa masha 20. Usafi wa mchanganyiko ni 12. Mfano unaendelea: iwapo dhahabu hiyo itasafishwa hadi ibaki masha 16, usafi wake utakuwa 15, kwa sababu 240 ile haikupungua, kilichopungua ni uzito wa takataka.

Bhaskara analishughulikia pia fumbo la upande wa pili. Vipande viwili vyenye usafi wa 16 na 10 vimechanganywa na kupata usafi wa 12; uzito wa kila kimoja ni upi? Kanuni inatoa tofauti mbili, 2 na 4, na kuzibadilishana: masha 2 za dhahabu ya 16 na masha 4 za dhahabu ya 10. Kanuni inaongeza kuwa tofauti hizo zaweza kuzidishwa kwa namba yoyote mtu aipendayo. Kwa maneno mengine, Bhaskara anafahamu kuwa jibu ni uwiano, si jozi moja ya namba. Ikumbukwe kwamba mwandishi huyuhuyu aliandika Bijaganita, kitabu kizima cha aljebra. Pamoja na hayo, dhahabu aliiweka katika Lilavati, kitabu cha hesabu.

4.0 Aljebra Inapoingia: Kutoka Mirathi hadi Mizani

Neno aljebra lilitoka katika anwani ya kitabu cha Muhammad bin Musa al-Khwarizmi kuhusu al-jabr na al-muqabala, kilichoandikwa Baghdad wakati wa ukhalifa wa al-Ma'mun (813–833). Kitabu hicho hakina alama hata moja ya aljebra ya leo. Namba isiyojulikana inaitwa shay', yaani kitu, na mraba wake unaitwa mal, neno ambalo Kiswahili kinalo katika umbo la mali. Baada ya kueleza aina sita za milinganyo, al-Khwarizmi anagusia miamala ya biashara na vipimo vya ardhi, kisha anatumia sehemu kubwa ya kitabu kutatua mafumbo ya mirathi na wasia. Aljebra yake ilizaliwa karibu na kadhi kuliko karibu na sonara. Sura yake ya biashara ni fupi, na imejengwa juu ya uwiano wa namba nne.

Aliyeonyesha kwa uwazi zaidi kile ambacho aljebra ingeweza kufanya kwa mafumbo ya jamii ya michanganyiko ni Abu Kamil wa Misri, aliyefariki takriban mwaka 930. Katika Kitabu cha Ndege alishughulikia mafumbo ya kununua ndege 100 wa aina mbalimbali kwa dirham 100. Kwa umbo lake, hili ni fumbo la mchanganyiko: idadi imetolewa, thamani ya jumla imetolewa, na bei ya kila aina inajulikana. Tofauti ni kwamba ndege hawagawanyiki, hivyo jibu sharti liwe namba nzima. Abu Kamil anaeleza kuwa mafumbo hayo yalizagaa miongoni mwa watu wa kila daraja, na kwamba walijibizana kwa kukisia, bila msingi wala kanuni. Yeye alitumia majina tofauti kwa namba zisizojulikana na kuzichuja hatua kwa hatua. Matokeo yake ni ya kushangaza: fumbo moja halina jibu lolote, jingine lina jibu moja tu, na jingine lina majibu aliyoyahesabu kuwa 2676.

Hapa ndipo mchango wa aljebra unapodhihirika mapema kabisa. Mtu wa kawaida aliyelijibu fumbo kwa kupata jibu moja sahihi hakukosea. Alichokosa ni kujua iwapo jibu lake ni la pekee. Ujuzi huo haupatikani kwa kuongeza kasi ya kukisia. Unapatikana pale tu masharti ya fumbo yanapoandikwa yote kwa pamoja na kuchunguzwa.

Uhusiano wa aljebra na metali zenyewe unaonekana katika kazi za Omar Khayyam (1048–1131) na al-Khazini. Khayyam anajulikana kwa risala yake ya aljebra kuhusu milinganyo ya kipeo cha tatu. Aliandika pia risala kuhusu namna ya kujua kiasi cha dhahabu na fedha katika kitu kilichoundwa kwa metali hizo mbili bila kukivunja. Risala hiyo ilihifadhiwa na al-Khazini katika Mizan al-Hikma, aliyoiandika Merv mwaka 515 Hijria (1121–1122). Swali lenyewe lilikuwa la zamani. Vitruvius alikwisha kusimulia jinsi Archimedes alivyogundua kuwa taji la mfalme Hiero wa Syracuse lilitiwa fedha, ingawa simulizi hiyo haitoi namba za hesabu.

Kwa lugha ya leo, jambo hilo ni mlinganyo mmoja. Kitu kinapopimwa ndani ya maji, uzito wake hupungua. Dhahabu hupungua kidogo kuliko fedha yenye uzito uleule. Upungufu wa kila uzito mmoja wa dhahabu ukiwa p, wa fedha ukiwa q, uzito wa kitu ukiwa W na upungufu wake wote ukiwa m, basi px + q(W − x) = m, ambapo x ni uzito wa dhahabu. Kwa hiyo, haiwezekani kudai kuwa wataalamu wa ulimwengu wa Kiislamu waliitenga aljebra na swali la metali. Mtu mmoja aliweza kuwa bingwa wa vyote viwili, na swali likawa na thamani ya moja kwa moja kwa mtawala, mnunuzi na mfua dhahabu.

5.0 Leonardo wa Pisa: Sura ya 11 na Sura ya 15

Leonardo wa Pisa, maarufu kwa jina la Fibonacci, alijifunza namba za Kihindi akiwa Bugia, katika Aljeria ya leo, ambako baba yake aliwatumikia wafanyabiashara wa Pisa. Kitabu chake Liber Abaci kilitoka mwaka 1202 na kusahihishwa mwaka 1228. Mpangilio wa kitabu hiki ni ushahidi muhimu kwa makala haya. Sura ya 11 inahusu uchanganyaji wa sarafu, na sura ya 15 ndiyo inayofundisha aljebra. Mafumbo ya sarafu hayakusubiri aljebra. Yamewekwa sura nne kabla yake, na yanatatuliwa kwa kanuni ya tofauti.

Katika sura ya 11, usafi wa sarafu hupimwa kwa wakia za fedha zilizomo katika kila ratili ya wakia 12. Tuseme, kwa mfano wa aina hiyo, kuna fedha ya wakia 3 na fedha ya wakia 10, na kiwango kinachotakiwa ni wakia 6. Tofauti ni 3 na 4. Hivyo huchukuliwa sehemu 4 za ile ya kwanza na sehemu 3 za ile ya pili. Ukikagua, 12 na 30 ni 42, na 42 ukigawanya kwa sehemu 7 hupata 6.

Pamoja na kutotumia aljebra katika sura hiyo, Leonardo hakuwa mfungwa wa mfano mmoja. Katika sura hiyohiyo analeta fumbo la mtu aliyenunua ndege 30 kwa denari 30: kwale mmoja kwa denari 3, njiwa mmoja kwa denari 2, na shomoro wawili kwa denari 1. Jibu ni kwale 3, njiwa 5 na shomoro 22. Kuwaweka ndege katika sura ya sarafu kunaonyesha kuwa aliona umbo moja chini ya mavazi mawili. Hivyo basi, uwezo wa kuona ufanano wa mafumbo haukutokana na aljebra peke yake. Kanuni iliyokomaa nayo ilimfundisha mtu kufikiri kwa ujumla.

Kwa nini basi sura hizi mbili hazikuunganishwa? Jibu la makala haya ni kwamba aljebra ya wakati huo ilikuwa na jina la kitu kisichojulikana, lakini haikuwa na jina la kitu kinachojulikana. Iliweza kusema “kitu na robo yake”; haikuweza kusema “usafi wowote a na usafi wowote b”. Kila fumbo lilitatuliwa kwa namba zake. Kwa mfanyabiashara mwenye namba zake mkononi, aljebra ya namna hiyo ilikuwa njia ndefu ya kufikia mahali ambapo kanuni ingemfikisha kwa hatua mbili.

6.0 Karne ya 16: Fedha Iliyochafuliwa, Alama ya Usawa na Herufi

Umuhimu wa hesabu za aloi haukuwa wa darasani tu. Uingereza, kati ya 1544 na 1551, serikali ilipunguza fedha iliyomo katika sarafu zake kwa makusudi. Usafi wa stelingi, ambao ni sehemu 37 kati ya 40, ulishushwa hadi theluthi moja chini ya Henry VIII, na mwaka 1551, chini ya Edward VI, hadi robo. Hesabu ya theluthi ni nyepesi na ya kutisha. Ratili 40 za stelingi zina ratili 37 za fedha safi. Ili ratili hizo 37 ziwe theluthi ya mchanganyiko, uzito wote sharti uwe ratili 111. Kwa kuongeza ratili 71 za shaba, fedha ileile ilizaa sarafu karibu mara tatu. Raia aliyezipokea kwa thamani ya zamani ndiye aliyelipa.

Ndani ya mfumo huo alifanya kazi Robert Recorde, tabibu na mwandishi wa vitabu vya hisabati, ambaye mwaka 1549 alikuwa mkaguzi wa hesabu wa kiwanda cha sarafu cha Bristol. Kitabu chake The Grounde of Artes, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1543 na kupanuliwa mwaka 1552, kilifundisha hesabu kwa mazungumzo ya mwalimu na mwanafunzi, na kanuni ya kufunganisha ni miongoni mwa kanuni zilizofundishwa. Mwaka 1557 alichapisha The Whetstone of Witte, kitabu cha aljebra, na humo akaanzisha alama ya mistari miwili sambamba kuwakilisha usawa. Kama ilivyokuwa kwa Leonardo, kanuni na aljebra vilikuwa kwa mtu mmoja, lakini katika mafunzo tofauti.

Hatua iliyovunja ukuta huo ilichukuliwa na François Viète katika In artem analyticem isagoge, iliyochapishwa Tours mwaka 1591. Viète aliwakilisha namba zisizojulikana kwa irabu, na namba zinazojulikana kwa konsonanti. Jambo hili laweza kuonekana dogo, kumbe ndilo lililokuwa limekosekana tangu zama za al-Khwarizmi. Kuanzia hapo, kanuni ya kufunganisha yenyewe iliweza kuandikwa. Kwa alama za leo, usafi wa juu ukiwa a, wa chini b, na unaotakiwa c, tunapata ax + by = c(x + y), ambayo ni sawa na (a − c)x = (c − b)y. Uwiano wa x kwa y ni uwiano wa (c − b) kwa (a − c). Kubadilishana tofauti, jambo ambalo wanafunzi wa karne nyingi walilikariri, kumegeuka kuwa mstari mmoja wa uthibitisho.

Mstari huohuo unaonyesha mpaka wa kanuni. Ikiwa c haipo kati ya a na b, tofauti moja inakuwa hasi, na hakuna mchanganyiko unaowezekana. Turudi kwa sonara wetu. Akitaka usafi wa 57 kati ya 60, na akazitafuta tofauti bila kujali upande wake, atapata 7 na 2, na kanuni itampa jibu linaloonekana zuri: sehemu 2 za dola kwa 7 za rupia. Mchanganyiko huo hauwezi kufikia 57, kwa kuwa hata rupia peke yake haifiki hapo. Walimu makini wa kanuni waliliweka sharti hili kwa maneno. Mlinganyo hauhitaji kulikumbuka, hulitoa wenyewe.

7.0 Euler na Fumbo la Mfua Sarafu

Ushahidi ulio wazi zaidi unapatikana katika kitabu cha Leonhard Euler cha mafunzo ya aljebra, Vollständige Anleitung zur Algebra, kilichochapishwa St. Petersburg mwaka 1770, baada ya tafsiri ya Kirusi kutangulia. Katika sehemu ya pili, Euler anajadili kanuni iliyojulikana kama regula caeci, yaani kanuni ya kipofu. Mfua sarafu ana fedha ya aina tatu. Tukiuweka usafi katika sehemu za 16, aina ya kwanza ni 14, ya pili 11 na ya tatu 9. Anahitaji marki 30 za fedha yenye usafi wa 12. Achukue marki ngapi za kila aina?

Kanuni ya kufunganisha ingelitatua hivi. Aina ya kwanza iko juu ya 12, na mbili zilizobaki ziko chini. Ya kwanza hufunganishwa na ya pili, kisha na ya tatu. Aina ya kwanza hupokea 1 na 3, jumla 4. Ya pili hupokea 2, na ya tatu hupokea 2. Uwiano ni 4 : 2 : 2, na kwa marki 30 tunapata 15, 7.5 na 7.5. Jibu ni sahihi. Anayelitegemea atadhani kazi imekwisha.

Mlinganyo unafichua kuwa kazi ndiyo kwanza inaanza. Masharti ni mawili: x + y + z = 30, na 14x + 11y + 9z = 360. Tukizidisha sharti la kwanza kwa 9 na kulitoa katika la pili, tunabaki na 5x + 2y = 90. Ili marki ziwe namba nzima, x sharti iwe namba shufwa. Tukiandika x = 2u, tunapata y = 45 − 5u na z = 3u − 15. Kwa kuwa hakuna kiasi kinachoweza kuwa chini ya sifuri, u haiwezi kupungua chini ya 5 wala kuzidi 9. Majibu ya namba nzima ni matano: (10, 20, 0), (12, 15, 3), (14, 10, 6), (16, 5, 9) na (18, 0, 12). Yakihitajika majibu yanayotumia aina zote tatu, yanabaki matatu. Jibu la kanuni, lenye marki 7.5, halimo kabisa katika orodha hii.

Kwa mfua sarafu, tofauti hii ni ya kimaisha. Ikiwa ghalani mwake fedha ya aina ya kwanza ni marki 12 tu, jibu la kanuni halimfai, kwa sababu linadai marki 15. Mlinganyo unamwambia kuwa marki 12 zinatosha, ilimradi achukue 15 za aina ya pili na 3 za aina ya tatu. Unamwambia pia kuwa akiwa na chini ya marki 10 za aina ya kwanza, kazi haiwezekani hata akubali visehemu. Kanuni ilikuwa imechagua kwa niaba yake bila kumjulisha kuwa palikuwa na la kuchagua.

8.0 Mjadala

Uchambuzi huu unaleta mambo matatu. Kwanza, maelezo kuwa aljebra iliirithi nafasi ya kanuni hayaendani na matini. Bhaskara, Leonardo na Recorde waliijua aljebra, na bado waliifundisha kanuni pale palipohitaji wepesi. Hata leo kanuni ya kufunganisha inaishi katika hesabu za wafamasia wanaochanganya dawa za nguvu tofauti. Kanuni na mlinganyo viliishi pamoja kwa sababu vilifanya kazi tofauti.

Pili, hatua iliyobadilisha uhusiano wa pande hizi mbili haikuwa kulipa jina lisilojulikana, bali kulipa herufi linalojulikana. Watafiti wanaoiweka mwanzo wa mabadiliko katika neno shay' wanaeleza nusu ya habari. Nusu ya pili ilisubiri hadi 1591. Hata hivyo, Abu Kamil anaonyesha kuwa palipokuwa na masharti ya namba nzima na majibu mengi, aljebra ya maneno peke yake ilitosha kuleta ujuzi ambao kukisia kusingeweza kuuleta. Hoja ya herufi, kwa hiyo, inahusu uthibitisho wa kanuni kwa ujumla wake, wala haipunguzi thamani ya aljebra iliyoandikwa kwa maneno.

Tatu, jambo hili linagusa ufundishaji kwa Kiswahili. Tangu Kiswahili kifanywe lugha ya kufundishia katika shule za msingi nchini Tanzania mwaka 1967, mafumbo yamekuwa mlango wa mwanafunzi kuingia katika milinganyo. Baadhi ya walimu huona kuwa ugumu wa mafumbo uko katika maneno, na kwamba nafuu huja mara x inapoandikwa. Historia inaelekeza kinyume. Kati ya al-Khwarizmi na alama ya usawa ya Recorde zilipita zaidi ya karne saba, na kwa sehemu kubwa ya muda huo aljebra iliandikwa kwa lugha ya kawaida, ikisema “kitu” na “mali”. Mwanafunzi anayeweza kusema kwa Kiswahili fasaha kuwa fedha safi iliyoingia ndiyo iliyotoka, amekwisha kuunda mlinganyo. Kilichobaki ni kuufupisha kwa herufi. Asiyeweza kulisema hilo, herufi hazitamsaidia.

9.0 Hitimisho

Makala yamechunguza mafumbo ya michanganyiko kutoka mchemraba wa jedi wa China hadi marki za Euler. Imebainika kuwa majibu sahihi yalipatikana mapema na kwa njia nyingi: kwa ziada na upungufu, kwa kubadilishana tofauti, na kwa uwiano. Mchango wa aljebra ulikuwa kuyaweka masharti yote ya fumbo mbele ya msomaji, ili aweze kuthibitisha kanuni, kuitambua pale isipofaa, na kuyaona majibu ambayo kanuni iliyaacha. Katika jamii ambamo usafi wa sarafu ulijulikana kwa wachache waliokaa karibu na tanuri, uwezo wa kukagua haukuwa jambo la anasa.

Utafiti zaidi unaweza kufanywa kuhusu vipimo vya masonara wa mwambao, hususan matumizi ya tola, wakia na ratili katika upimaji wa dhahabu na fedha, na kuhusu namna mafumbo ya michanganyiko yalivyoandikwa katika vitabu vya Hisabati vya Kiswahili. Maeneo hayo mawili yatasaidia kuonyesha ni kwa kiasi gani msamiati ambao Kiswahili kinao tayari unaweza kubeba hoja za aljebra.